UZI: Unataka kuchora nyusi za nusu kudumu? Jua ngozi yako itapitia nini, kuanzia siku ya kwanza hadi wiki ya sita

Fundi_Wanja (mwanzisha uzi)

Habari zenu wapendwa. Katika kazi hii ya kuchora nyusi, yaani kuingiza rangi kwenye ngozi kwa sindano, ujumbe ninaoupokea kuliko mwingine wowote hauji kabla mtu hajachora. Unakuja siku mbili tatu baadaye: "Dada, zimekuwa nyeusi tii, uso umeharibika." Ikipita wiki, mtu yuleyule anaandika tena: "Zimefutika zote, sioni kitu." Mara zote mbili nyusi zake huwa ziko sawa na zinapona inavyotakiwa. Ila alilipa, akachorwa, akaondoka, na hakuna aliyemweleza ngozi yake itapitia nini.

Ndiyo maana naandika kwa urefu. Jambo moja naomba mlishike tangu hapa: nyusi unazotoka nazo siku ya kwanza si zile utakazokaa nazo. Za kwako halisi utaziona baada ya wiki 4 hadi 6, na hata hizo mara nyingi zinahitaji kikao cha pili cha kurekebisha. Anayekuahidi nyusi zilizokamilika kwa kikao kimoja, muulize maswali mengi kabla hujalipa.

Aina zake. Watu wanaziita zote "tatoo ya nyusi" lakini hazifanani. Maikrobledi ni kazi ya mkono: fundi anashika kalamu yenye safu ya sindano nyembamba sana, anachanja mistari midogo inayofanana na nywele, na rangi inaingia kwenye mistari hiyo. Nyusi za unga zinafanywa kwa mashine inayodonoa nukta ndogo ndogo nyingi, na zikipona zinaonekana kama umejipaka wanja kwa brashi, nyepesi mwanzoni, zimekolea mkiani. Nano ni mistari ya nywele pia, ila kwa mashine. Wengine wanachanganya, mistari mbele na unga nyuma.

Hina ya nyusi ni jambo jingine kabisa, haina sindano. Inatia doa juu ya ngozi na kwa kawaida inaisha ndani ya wiki moja au mbili. Kama hujawahi kuishi na nyusi zilizokolea na huna uhakika utajipenda, anza na hina au wanja kwa muda, uone umbo linakukaa vipi. Ila hina "nyeusi" iliyochanganywa na rangi ya kemikali ya PPD inaweza kuunguza ngozi au kukuachia mzio wa kudumu, kwa hiyo uliza kilichomo.

Ngozi yako ndiyo inayoamua aina, si picha uliyoipenda. Hapa napingana na matangazo mengi. Mistari ya maikrobledi inapendeza kwenye ngozi kavu au ya kawaida yenye vitundu vidogo. Kwenye ngozi ya mafuta rangi hutambaa, mistari inaungana, na baada ya miezi kadhaa unabaki na kivuli kisichoeleweka. Mtu wa ngozi ya mafuta ninamshauri nyusi za unga hata kama amekuja na picha ya mistari mizuri. Akikataa, ninamwacha aende. Afadhali anikasirikie leo kuliko ashinde mwaka mzima anaficha paji la uso.

Rangi inakaa wapi. Ngozi ina tabaka la juu linalojibadilisha kila baada ya takriban wiki 4, na chini yake kuna tabaka la ndani ambalo halibanduki. Rangi ikiwekwa juu mno, inaondoka yote na magamba. Ikizamishwa mno, inasambaa, inageuka kijivu au bluu, na inaweza kuacha kovu. Fundi anatafuta sehemu ya juu kabisa ya lile tabaka la ndani, na tofauti kati ya kupata na kukosa ni chini ya milimita moja. Kwa hiyo mnapouliza kwa nini fundi mzuri anachukua muda mrefu, jibu ni hilo.

Muda wa kudumu ni kati ya mwaka mmoja na mitatu kwa watu wengi. Mafuta ya ngozi, jua, na krimu zenye asidi au retinoli (aina ya vitamini A inayochochea ngozi kujibadilisha) vinapunguza muda huo. Na neno "nusu kudumu" lisikudanganye: rangi inafifia, lakini kuna watu inabaki na kivuli kwa miaka mingi. Fanya uamuzi wako ukijua hivyo.

Kabla ya siku yenyewe. Acha retinoli, ndugu yake tretinoini na asidi za kubandua ngozi karibu na nyusi kwa angalau wiki 2, ikiwezekana 4. Kama umemeza vidonge vya isotretinoini kwa ajili ya chunusi, mafundi wengi makini wanataka ipite miezi 6 hadi mwaka tangu kidonge cha mwisho. Krimu za kuchubua zenye steroidi zinafanya ngozi kuwa nyembamba, kwa hiyo mwambie fundi ukweli, hakuna atakayekuhukumu. Pombe uiache saa 24 kabla, na kahawa nyingi asubuhi hiyo iache pia, kwa sababu damu ikitoka sana inasukuma rangi nje. Usitinde nyusi kabla ya siku hiyo. Fundi anataka kuziona zilivyo.

Dawa za kuzuia damu kuganda ni suala la daktari. Usiache dawa uliyoandikiwa eti upate nyusi. Kama daktari amesema usiiache, basi nyusi zisubiri.

Siku ya kuchora. Sindano si sehemu muhimu kuliko zote siku hiyo. Muhimu zaidi ni upimaji. Fundi anachora umbo kwa penseli, anapima kwa rula na kwa uzi uliopakwa wanja, anakutazama ukiwa umekaa wima. Kulala kunavuta uso, kwa hiyo umbo lisiamuliwe ukiwa umelala. Kunja uso, tabasamu, inua nyusi, tazama kwenye kioo, piga picha uitazame kwenye simu. Misuli ya kila upande haifanyi kazi sawasawa, ndiyo maana unyusi mmoja unapanda juu zaidi unaposhangaa. Fundi anapunguza tofauti hiyo, haiondoi. Sema kila kinachokukera wakati bado ni penseli. Usione haya, na usikubali sindano iguse ngozi kabla hujaridhika.

Baada ya hapo krimu ya ganzi, mara nyingi yenye lidokeini, inakaa dakika 20 hadi 30. Kazi nzima na maandalizi yake inachukua saa 2 hadi 3.

Kupona. Saa za mwanzo kunatoka majimaji mepesi. Yapanguse taratibu kwa pamba safi yenye maji safi, kama fundi alivyokuelekeza, maana yakikauka juu yanatengeneza gaga nene, na gaga nene likitoka linaondoka na rangi. Siku ya 2 hadi ya 4 nyusi zinakuwa nyeusi na pana kuliko ulivyotaka. Rangi imekaa juu na ngozi imevimba kidogo, ndiyo hivyo tu. Siku ya 5 hadi ya 8 magamba yanaanza kubanduka vipande vipande, bila mpangilio, na yanawasha. Usikwangue. Usivute hata kile kipande kinachoning'inia. Yakishaisha, kati ya siku ya 8 na ya 14, utadhani rangi yote imeondoka na magamba. Ngozi mpya juu yake bado ni nzito na ina ukungu, inaficha rangi iliyo chini. Kuanzia wiki ya 3 rangi inaanza kujitokeza tena, na kufikia wiki ya 4 au 6 unajua umepata nini.

Siku hizo za mwanzo epuka jasho la mazoezi, bwawa, mvuke, jua kali na vipodozi juu ya nyusi. Foronya iwe safi. Ukiweza, lala chali.

Karibuni kwa maswali. Na waliokwisha kufanya, waelezeni wenzenu ilivyokuwa.

---

Mtulivu_Daima

Asante sana dada kwa uzi huu. Swali langu la kwanza ni la mwoga: inauma kiasi gani? Mimi hata kutinda kwa uzi natoa machozi.

---

Waridi_Jekundu

@Mtulivu_Daima nikujibu kwa niliyopitia. Mistari ya kwanza niliisikia, kama mtu anakukwaruza kwa ncha ya pini. Baadaye fundi alipaka ganzi nyingine juu ya ngozi iliyokwisha kufunguka, hiyo ndiyo ilituliza kweli. Kilichonishtua zaidi ni sauti. Ukifumba macho unaisikia ngozi inachanika, mkwaruzo mdogo mdogo karibu na sikio. Hakuna aliyekuwa ameniambia hilo, nikakaza mwili wote. Ukijua mapema hutashtuka.

---

Fundi_Wanja

Asante @Waridi_Jekundu, hiyo sauti kweli inawaogopesha watu. Niongeze mawili. Siku chache kabla ya hedhi na wakati wa hedhi yenyewe wanawake wengi wanasikia maumivu zaidi, hivyo panga tarehe ukilijua hilo. Na kama umewahi kupata mzio wa ganzi kwa daktari wa meno au popote, sema kabla hujapakwa. Ganzi hizi ni dawa, na zikipakwa nyingi mno au kwenye eneo kubwa zinaweza kudhuru. Usijipake yako nyumbani kimyakimya halafu uje upakwe nyingine.

---

Bi_Harusi_Mtarajiwa

Dada, nina shughuli yangu kubwa wiki mbili zijazo. Nikifanya wiki hii zitakuwa zimekaa vizuri?

---

Fundi_Wanja

Hapana mpendwa, tafadhali usifanye. Wiki mbili baada ya kuchora ndio wakati nyusi zinaonekana zimefutika au zina mabaka. Picha zako zote zitatoka hivyo. Kwa shughuli kubwa, kikao cha kwanza kiwe miezi 3 kabla, ili kikao cha pili kifanyike wiki ya 6 au ya 8 na nacho kipate muda wa kupona. Kwa wiki mbili hizi tumia wanja, au hina siku chache kabla kama ulishawahi kuitumia bila mzio.

---

Nesi_wa_Zamu

Naomba niingie upande wa afya, maana watu wanaongelea umbo na rangi wakasahau kwamba hapa ngozi inafunguliwa na damu inatoka.

Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele yako kutoka kwenye pakiti iliyofungwa, yenye tarehe ya kuisha muda wake inayosomeka. Ikimaliza kazi iende kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali, isirudi kwenye droo. Sindano au kalamu iliyotumika kwa mtu mwingine inaweza kupitisha homa ya ini B, homa ya ini C na VVU. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili, juu ya kifaa kikavu, kwa angalau siku 7. Kwa hiyo kukipangusa kifaa kwa spiriti na kukirudia hakutoshi. Rangi nayo imiminwe kwenye kikombe kidogo cha kutumika mara moja. Fundi asichovye sindano ndani ya chupa kubwa. Glovu zibadilishwe akishika simu au mlango. Chanjo ya homa ya ini B ipo, na ingefaa watu wawe wameshaipata hata kabla ya kufikiria nyusi.

Wekundu kidogo na uvimbe mdogo siku ya kwanza na ya pili ni kawaida. Ukiona wekundu unaongezeka badala ya kupungua, joto, maumivu yanayozidi, usaha, harufu au homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usimalizie kwa kubadilishana picha na fundi kwenye simu. Hapo ni karibu na macho.

Kuna pia mzio wa rangi unaochelewa. Mtu amepona vizuri, miezi inapita, mara nyusi zinaanza kuwasha, kuvimba au kutoa vinundu vigumu kwenye ile mistari. Hilo linahitaji daktari wa ngozi. Jaribio la rangi nyuma ya sikio siku moja au mbili kabla linasaidia, lakini haliondoi hatari hiyo.

---

Fundi_Wanja

@Nesi_wa_Zamu Mungu akubariki. Natamani kila mteja asome ulichoandika kabla ya kusoma changu. Nyongeza upande wa rangi: msidhani zimekaguliwa kama dawa. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, haijaidhinisha rangi yoyote kwa kuchomwa ndani ya ngozi. Umoja wa Ulaya ulianza Januari 2022 kubana kemikali nyingi kwenye wino wa tatoo na rangi za vipodozi vya kudumu. Muulize fundi rangi yake ni ya nani, chupa ina orodha ya viambato na namba ya toleo, na aiandike kwenye kumbukumbu zako. Ukipata mzio baada ya miezi, daktari atataka kujua hilo.

---

Mama_Mapacha

Mimi nanyonyesha na nimechoka kujiona kwenye kioo. Fundi mmoja amesema hakuna shida, mwingine amekataa kabisa. Nimsikilize yupi?

---

Fundi_Wanja

Mama, pole na hongera kwa malezi. Mimi niko na aliyekataa. Mjamzito na anayenyonyesha siwachori. Hatari ya maambukizi ipo kwa kila mtu, na kwako inakuja na mtoto nyuma yake. Usalama wa ganzi na rangi zenyewe kwa mtoto haujapimwa vya kutosha, na nyusi hazina haraka hiyo. Homoni pia zinabadilisha ngozi, wengine wanatoka madoa usoni kipindi hicho, na rangi inaweza isishike vizuri. Kwa sasa tinda umbo zuri, tumia wanja usiotoka na maji.

---

Kovu_la_Bega

Mimi nina keloidi begani, yaani kovu nene lililoota kupita jeraha lenyewe, ilitokana na chanjo ya utotoni. Usoni sijawahi kupata. Nifanye au nisifanye?

---

Fundi_Wanja

Swali zuri na naomba wenye ngozi nyeusi walisome kwa makini, kwa sababu keloidi zinatupata sisi zaidi. Mwenye historia ya keloidi, popote mwilini, mimi simgusi kabla hajaonana na daktari wa ngozi. Ni kweli kwamba nyusi si sehemu inayotoa keloidi mara nyingi kama bega, kifua au ncha ya sikio. Lakini ikitokea, iko katikati ya uso na haifichiki. Daktari akiridhia, chagua mashine yenye mkono mwepesi badala ya maikrobledi inayochanja.

Nikiwa hapohapo kwenye ngozi nyeusi: kuna tatizo la weusi unaobaki baada ya jeraha. Ukikwangua magamba au ukipata wekundu wa muda mrefu, ngozi yenyewe inaweza kutoa doa jeusi kuzunguka unyusi, na doa hilo linachukua miezi kuisha. Upande wa rangi, rangi nyeusi ya kaboni ikiwekwa peke yake inaelekea kupona na ubaridi wa bluu au kijivu. Ngozi zetu mara nyingi zinahitaji kahawia iliyokolea yenye joto kidogo ndani yake. Fundi anayetumia chupa moja kwa kila mteja hajajifunza kazi hii. Na msishangae mistari ya nywele isipoonekana sana kwenye ngozi iliyokolea; nyusi za unga zinatoka vizuri zaidi hapo, na hilo nimeliona kwa wateja wengi.

---

Kijana_Mkimya

Mimi ni mwanaume. Nywele za nyusi zangu zilidondoka kwa alopesia, upande mmoja karibu wote. Nimekuwa nikisoma uzi huu nikifikiri hauhusu watu kama mimi, naona nijitokeze niulize.

---

Fundi_Wanja

Unakuhusu kaka, karibu sana, na asante kwa kuuliza mbele za watu. Kuna wengine watasoma kwa sababu yako.

Kwanza, daktari wa ngozi. Alopesia ya mabaka inaweza kurudisha nywele yenyewe, na kuna tiba. Mara nyingi kunakuwa na vipindi vya ugonjwa kuamka na kutulia. Chora wakati umetulia. Pili, mfumo wa kinga wa mwili ukiwa tayari unashambulia vinyweleo, kuumiza ngozi eneo hilo lazima daktari alijue mapema. Akikubali, mashine inafaa: mistari ya nywele yenye kivuli chepesi chini yake, umbo la kiume, lililonyooka zaidi na lisilo na kona kali juu. Mistari mitupu pasipo nywele hata moja, ikitazamwa karibu, inaonekana ni mchoro, ndiyo maana kivuli kinasaidia. Leta picha zako za zamani. Fundi akifuata mfupa wa juu ya jicho na picha zile, atakuwa anakurudishia uso wako, hatakutengenezea mpya.

Rangi haizuii nywele kuota tena. Zikirudi, zitaota juu yake.

Kuna wanaotafuta msaada huu kwa sababu ya tiba ya saratani. Wapendwa hao, kinga ikiwa imeshuka katikati ya dawa si wakati wa kufungua ngozi. Ni kabla dawa hazijaanza, kukiwa na wiki za kutosha za kupona, au baada ya kumaliza, na daktari wako wa saratani ndiye anayetoa tarehe.

---

Kijana_Mkimya

Nashukuru. Nitaanza na daktari.

---

Dada_wa_Mafuta

Naomba kutofautiana na wewe kidogo kwenye kupona. Mimi fundi wangu alinikataza kabisa maji na mafuta kwa siku 10, kukausha tu. Nyusi zangu zilitoka nzuri. Wewe unasema kupangusa. Tushike lipi?

---

Fundi_Wanja

Una haki ya kuuliza, na mafundi wenyewe tunabishana juu ya hili. Kuna njia kavu na kuna njia ya kupaka. Ngozi ya mafuta sana inaweza kupona vizuri kavu kwa sababu mafuta yake yenyewe yanatosha. Ngozi kavu ikiachwa hivyo inatoa magaga yanayopasuka. Mimi napendelea kusafisha taratibu na kupaka mafuta kiasi cha punje ya mchele kwa nyusi zote mbili, safu nyembamba isiyong'aa. Wanaopaka kwa unene ndio wanaoharibu: jeraha linalowa, magamba yanateleza kabla ya wakati. Fuata maelekezo ya aliyekuchora, kwa sababu anajua alichokifanya kwenye ngozi yako. Kibaya ni kuchanganya, leo kavu, kesho mafuta ya jirani, keshokutwa dawa ya mswaki. Nimeiona hiyo pia.

Zikishapona, losheni ya kuzuia jua, SPF 30 au zaidi, kila siku. Hakuna kinacholinda rangi kuliko hicho.

---

Zamani_Sana

Nilichorwa miaka mingi iliyopita, sasa mmoja umekuwa mwekundu, mwingine una bluu. Nikifunika kwa kuchora upya si itatosha?

---

Fundi_Wanja

Dada yangu, mara nyingi haitoshi. Wekundu unakuja kwa sababu rangi za kahawia ni mchanganyiko. Sehemu nyingine zinafifia mapema na oksidi ya chuma nyekundu inabaki. Bluu au kijivu ni kaboni, au rangi iliyozama sana. Kama kilichobaki ni chepesi, fundi mzoefu anaweza kukisawazisha kwa rangi ya kinyume chake. Kikiwa kimekolea, ukiweka nyingine juu unapata unyusi mzito usiopumua na baadaye unakuwa mgumu zaidi kuondoa.

Kuondoa kuna njia mbili kuu. Moja ni maji ya chumvi maalumu yanayoingizwa kwa mashine, yanavuta rangi juu itoke na gaga. Inachukua vikao kadhaa vilivyoachana kwa wiki nyingi. Nyingine ni leza, na hapa tahadhari. Rangi zenye oksidi ya chuma au titani, hasa nyekundu, nyeupe na za rangi ya ngozi, zinaweza kugeuka nyeusi ghafla zikipigwa leza. Lazima lifanyike jaribio dogo kwanza. Kwa ngozi nyeusi, leza ya urefu wa wimbi wa nanomita 1064 ndiyo yenye hatari ndogo zaidi ya kuunguza au kuacha mabaka meupe. Ifanywe na mtaalamu mwenye mafunzo, na macho yafunikwe kwa ngao maalumu. Nyumbani usijaribu krimu za kuchoma.

---

Nesi_wa_Zamu

Nyongeza fupi kwa wote: ukienda kupimwa MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa sumaku, mwambie mhudumu kwamba una rangi kwenye nyusi. Zenye oksidi ya chuma zinaweza kupata joto au kuuma kidogo. Ni nadra na si sababu ya kukataa kipimo, ila wajue mapema. Na ukitaka kuchangia damu, unaweza kuambiwa usubiri miezi kadhaa tangu siku ya kuchora.

---

Mtulivu_Daima

Mimi nimeshawishika, nimebakiwa na uoga mdogo tu. Nimtambueje fundi mzuri? Kila mmoja ana picha nzuri kwenye ukurasa wake.

---

Fundi_Wanja

Usiangalie picha za siku ya kazi, hizo kila mtu anazo. Omba picha za nyusi zilizopona, za baada ya wiki 6 na za baada ya mwaka, za watu wenye ngozi kama yako. Angalia kama mistari bado inasomeka, kama mikia imebaki, kama rangi haijageuka. Sikiliza pia maswali anayokuuliza yeye. Asiyekuuliza kuhusu dawa unazotumia, kisukari, mzio, keloidi na ujauzito hajali kitakachotokea ukishatoka mlangoni. Mpime pia kwa hili: je, yeye amewahi kumkatalia mteja? Fundi mzuri ana watu aliowakatalia.

---

Waridi_Jekundu

Dada, na mimi wa mwaka wa pili sasa? Zangu zimefifia ila bado zipo. Fundi wangu anasema nirudie kila mwaka lazima.

---

Fundi_Wanja

Hakuna lazima. Kila kikao ni jeraha jipya mahali palepale, na ngozi iliyochanjwa mara nyingi inakuwa ngumu, inashika rangi vibaya. Zitazame kwenye mwanga wa mchana bila kujipaka kitu. Kama umbo bado linaonekana na rangi imebaki nusu au zaidi, mimi singekuongezea, ningekuambia subiri miezi mingine. Zikiwa zimebaki kivuli chepesi, hapo ndipo kuongeza kunafaa, na fundi achore ndani ya umbo lilelile. Akitaka kuzipanua, mkatalie. Nitumie picha mbili kwenye ujumbe wa faragha, moja kutoka mbele na moja ya pembeni, nikuangalizie.